Somo: Kutenganisha mimea ndugu kwa hadubini na DNA

Tuchukue mnavu, maana unawachanganya hata waliosomea mimea. Solanum americanum, S. villosum na S. nigrum zote huitwa mnavu. Tunda la villosum likiiva huwa la rangi ya chungwa au jekundu, kwa hiyo hiyo hukujulisha mapema. Kazi ipo kwenye mimea isiyo na matunda, na hasa kati ya americanum na nigrum, ambazo zote huiva nyeusi. Ndani ya seli, hata hivyo, zinatofautiana sana: americanum ina kromosomu 24, villosum 48, nigrum 72.

Hatua ya 1: Mmea mmoja, ushahidi wote
Kata vipande vya jani changa na uvifukie kwenye silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) kwa ajili ya DNA. Sehemu iliyobaki, pamoja na maua, ibanwe na kukaushwa kwa ajili ya herbaria (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa). Vyote vipewe namba moja. Wapo wanaotoa DNA kwenye mmea huu na kupima vinywele vya mmea wa jirani. Majibu yakipishana, hawana pa kurudi kuangalia. Kusanya mimea kadhaa kutoka sehemu mbalimbali, kwa sababu mmoja haukuonyeshi spishi inabadilika kiasi gani.

Hatua ya 2: Ngozi ya jani
Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, katikati, mbali na mshipa mkuu. Ikikauka, bandika selotepu, ibandue taratibu, uiweke kwenye kioo cha hadubini. Kwa ukuzaji wa mara 400 utaona vizuri alama za stomata, yaani vitundu ambavyo jani hupitishia hewa. Pima urefu wa seli linzi (zile mbili zinazokizunguka kila kitundu) za stomata 30 hivi, siyo zile tatu zilizokupendeza. Seli zenye seti nyingi za kromosomu kwa kawaida huwa kubwa zaidi, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Kwenye vinywele, tahadhari. Wengi wakiona vinywele vyenye tezi hukimbilia kutaja spishi. Hapa hilo halifai: S. nigrum ina nususpishi yenye vinywele vya tezi na nyingine isiyo navyo, na S. villosum vivyo hivyo. Sifa inayovutia macho si lazima iwe ndiyo inayotenganisha.

Hatua ya 3: Chavua
Kung'uta chavua kwenye kioo, pima kipenyo. Mantiki ni ileile ya stomata, na mimi huiamini zaidi kwa sababu chavua haisumbuliwi sana na kivuli. Hadubini ya elektroni ni nzuri kwa michoro ya ganda la mbegu, lakini kwa swali hili si lazima.

Hatua ya 4: DNA
Toa DNA kwa CTAB (kemikali ya kuitenga na seli) au kwa seti ya vifaa vilivyotayarishwa kiwandani, fanya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi), kisha soma sikwensi, yaani mpangilio wa herufi za DNA. Mwaka 2009 rbcL na matK, jeni mbili za kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli yenye DNA yake), zilipendekezwa kuwa msimbopau wa mimea ya nchi kavu, yaani vipande vya DNA vya kutambulishia spishi. Kwa mimea ndugu hazitoshi, maana hubadilika polepole. Ongeza ITS, kipande cha DNA ya kiini, na trnH-psbA, kipande kingine cha kloroplasti. Kumbuka pia kwamba kloroplasti, kwa mimea mingi ya maua, hutoka kwa mama peke yake. Chotara atakuonyesha ukoo wa mama tu, baba hutamwona mpaka usome DNA ya kiini.

Hatua ya 5: Linganisha
Jaza jedwali la vipimo kabla ya kufungua sikwensi. Ukishajua jibu la DNA, jicho huanza kupima linachotaka.

MASWALI

– Mwalimu, sina maabara. Stomata pekee zinatosha?
Zitakupa mwelekeo. Mwanga na maji huzibadilisha, kwa hiyo panda mimea yako pamoja na ile ambayo kromosomu zake zimeshahesabiwa, ndipo upime.

– Mkuu, rbcL yangu inafanana asilimia 100 na spishi tatu kwenye GenBank (hifadhidata ya sikwensi mtandaoni). Nimeharibu wapi?
Hujaharibu, ndivyo rbcL ilivyo kwa ndugu wa karibu. Kingine, majina mengine mle si sahihi. Tegemea zaidi sikwensi zenye sampuli iliyohifadhiwa herbaria.

– Kwenye mchoro wa sikwensi ya ITS napata vilele viwili (herufi mbili) mahali pamoja.
Rudia kuanzia kutoa DNA, huenda kuna uchafu. Vikibaki palepale, uchotara unawezekana kabisa: nigrum yenyewe inadhaniwa ilitokana na americanum na villosum. Hapo fanya klonishaji (kuingiza kila kipande cha DNA kwenye bakteria wake na kukizalisha peke yake) ili utenganishe nakala.

– Sampuli kavu za zamani zinatoa DNA?
Mara nyingi ndiyo, ila imekatikakatika. Lenga vipande vifupi kama ITS2, sehemu ya ITS. Zilizolowekwa kwenye alkoholi kabla ya kukaushwa husumbua zaidi. Na omba ruhusa kwanza: kipande ukishakisaga hakirudi.