Plota ya stika: kuanzia faili mpaka tanki la boda na kifua cha tisheti

Tuanze na hili maana linawachanganya wengi, plota ya kukatia stika sio printa. Haina wino. Ina kisu kidogo chenye ncha kama ya kalamu ambacho kinafuata mistari uliyochora, basi. Ukitaka stika ya rangi tatu unakata vinili, ile plastiki nyembamba yenye gundi nyuma, za rangi tatu halafu unazipanga moja juu ya nyingine kwa mkono wako mwenyewe. Kwahiyo mteja akikuletea picha ya mtoto wake anataka iwe kifuani ilivyo, mpeleke kwa mwenye printa, hapo hamna kazi ya plota.

Sasa faili. Mteja wa kibongo atakutumia logo kwa WhatsApp, imepigwa screenshot, imefifia, na anaitaka kesho. Mashine haisomi picha ya namna hiyo, inataka vekta, yaani mchoro wa mistari. Kama huna hela ya programu ya kuchorea ya CorelDRAW chukua Inkscape ni bure kabisa, ingiza picha, nenda menyu ya Path uchague Trace Bitmap, itakutolea mistari, ila logo ikiwa imechakaa sana ni afadhali uichore upya kuliko kukaa unarekebisha vidoti. Maandishi yote geuza yawe Path, yaani mistari ya kukata, ukishamaliza bonyeza Union, hasa kwenye zile fonti za mwandiko ambazo herufi zinashikana mikono, maana usipoziunganisha kisu kitakata pale zinapopandana na jina la mtu litatoka vipande vipande. Kabla hujatuma washa muonekano wa Outline, yale mistari matupu unayoyaona pale ndiyo kisu kitakayofuata, hamna cha zaidi. Programu ya kutumia faili kwenye mashine inategemea plota: wenye za Kichina wengi wanatumia Artcut au SignMaster, wenye plota za Cameo wana Silhouette Studio, na za Cricut lazima upitie Design Space yao. Mambo ni yaleyale.

Mzigo ukiuweka kwenye mashine hakikisha zile roli za kubana zimekaa juu ya sehemu zenye mikwaruzo kwenye shafti, zikikaa pembeni vinili inateleza. Kama kazi ni ndefu iendeshe mita nzima mbele na nyuma kabla hujakata, ukiona inaenda upande itoe uipange tena. Na kunjua vinili kabisa kutoka kwenye roli lake, usiiache mashine ijivutie yenyewe, inachoka na mstari unahama.

Hapa kwenye kisu ndo pana mambo. Vinili ya kawaida inataka kisu cha nyuzi 45, cha nyuzi 60 waachie vinili nene kama za manyoya na zile zinazong'aa usiku. Ncha itokeze kidogo mno, kama nusu ya unene wa kadi ya benki, ukiitoa sana inachana mpaka karatasi ya chini na kuanza kukwaruza mashine. Nguvu anza kama gramu 80 hivi, uongeze taratibu. Kisha kata kimraba kidogo pembeni, kila siku, kila roli mpya, hata kama jana ilikubali, maana vinili nyeusi na nyekundu za kampuni moja zinaweza kutaka nguvu tofauti. Chukua sindano ukinyanyue kile kimraba kwenye kona. Kikitoka chenyewe bila kumvuta jirani, hapo vizuri. Sasa geuza karatasi upande wa nyuma upitishe ukucha: unatakiwa usikie kama mkwaruzo tu, usisikie mpasuko. Ukisikia mpasuko punguza nguvu au rudisha ncha ndani. Kona zikiwa zimeviringika au hazijafunga angalia setingi ya offset, yaani umbali wa ncha ya kisu kutoka katikati ya kisu chenyewe, visu vingi ni 0.25 mm, na fungua kishikio utoe vumbi na vipande vya vinili, mara nyingi tatizo liko humo wala sio setingi. Herufi ndogo ndogo punguza spidi. Chini ya sentimita 1 mimi huwa namwambia mteja tuongeze, la sivyo alipie muda wa kuchomoa.

Na kuchomoa ndiko kunakokula muda kweli. Unang'oa kila kisichotakiwa, yale matumbo ya a na o na b usiyasahau, vuta kwa kulaza karibu na karatasi usivute kwenda juu. Baada ya hapo bandika tepu ya transfa juu yake, sugua kwa kadi ngumu, toa karatasi ya chini pole pole, herufi ikigoma kubaki kwenye tepu irudishe usugue tena.

Kwenye tanki la boda au bodi ya gari, futa kwanza kwa spiriti, mafuta na wax ndo adui. Stika kubwa nyunyiza maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, inateleza kidogo unaweza kuisogeza, halafu unakamua maji kuanzia katikati kwenda nje, ila usiwe na haraka ya kuvuta tepu, iache ishike. Kioo cha nyuma cha daladala ukibandikia kwa ndani geuza maandishi kwanza. Na vinili usinunue bei tu. Oracal 651 kiwandani wanaihesabia kama miaka 6 nje, lakini ni hesabu ya hali ya hewa ya Ulaya, kwa jua la Dar usimwahidi mtu hivyo.

Tisheti ni habari nyingine. Vinili yake ni ya joto, gundi yake haishiki mpaka ipate moto, na upande wenye plastiki ya kung'aa unaweka chini, unakatia upande wa gundi. Kwahiyo design lazima uigeuze kama ya kwenye kioo. Kila design. Ukichomoa, plastiki inabaki imeshika herufi, ndo tepu yako.

Pasha tisheti tupu kwanza sekunde chache itoe unyevu, kwa Pwani hii pamba inakuwa na maji hata kama imekauka kwa macho. Vinili nyingi za pamba zinakaa kwenye nyuzijoto 150 kwa sekunde 10 mpaka 15, ila soma ya kwako, na uangalie kama plastiki inabanduliwa ikiwa moto au ikipoa. Huna mashine ya joto? Pasi ya umeme inafanya, zima mvuke, tandika juu ya meza ngumu, weka karatasi ya kuokea, kandamiza bila kuisugua. Pasi ya mkaa hapana, joto lake hulijui.

Jezi ndo mtihani. Jezi nyingi ni polyester, na rangi yake ikipata joto kali inahama, ndo maana unaona jina jeupe kwenye jezi nyekundu ya Simba limegeuka pinki baada ya siku kadhaa na mteja amekuja juu. Tumia vinili ya joto la chini, kama 130 hivi, na kwa nyekundu tafuta ile yenye kizuizi cha rangi. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Ukimkabidhi mzigo mwambie asiifue mpaka yapite masaa 24, aigeuze ndani nje akifua, jiki hapana, na pasi isipite juu ya maandishi.