Kata muhogo kabla hujakata mbegu

Shamba lilikuwa la kupendeza. Mihogo imenipita kimo, majani kijani tupu, na mwenye shamba, mama wa makamo, akanizungusha kwa fahari kabla ya kung'oa shina moja aniandalie zawadi ya nyumbani. Muhogo wa kwanza alioukata kwa panga ulikuwa mweupe. Wa pili ulikuwa na mabaka ya kahawia ndani, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Wa tatu ulikuwa umebanwa katikati mithili ya kitu kilichofungwa kamba, na ulipopasuliwa haikubaki ila ncha ya kuokoa. Mama akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ninaloulizwa siku hizi karibu kila baraza: "Bwana shamba, ule muhogo wa maabara utafika lini?"

Nitafika huko. Kwanza tumjue adui.

Ugonjwa ulioharibu mihogo ile unaitwa michirizi ya kahawia. Si batobato, ingawa wengi huyachanganya magonjwa haya mawili. Batobato haijifichi: majani machanga ya juu yanajikunja, yanapauka na mmea unadumaa. Michirizi ya kahawia ni ya kimya. Tazama majani ya chini, yaliyokomaa. Utaona umanjano ukifuata mishipa ya jani, bila jani kujikunja. Kwenye shina la kijani hutokea mistari ya kahawia. Kiangazi kikifika majani hayo ya chini hupukutika na ushahidi wote unaanguka nayo, ndiyo maana shamba la yule mama lilionekana zima. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1936 na watafiti wa kituo cha Amani, milima ya Usambara, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ni wa nyanda za chini, hasa za Pwani. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, na baadaye ukaenea maeneo ya Ziwa Victoria.

Unasababishwa na virusi vya aina mbili vinavyokaribiana, na vina usafiri wa namna mbili. Nzi weupe huvibeba kutoka mmea hadi mmea, lakini mdudu huyu hakai navyo muda mrefu, siku moja au zaidi kidogo, kwa hiyo hatari yake kubwa ni kati ya shamba na shamba jirani. Safari ndefu, ya wilaya hadi wilaya, virusi husafirishwa na sisi wenyewe: pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, zilizofungwa mzigo nyuma ya bodaboda. Mimi mwenyewe nimo katika lawama hiyo. Mwaka mmoja niliwagawia kikundi kimoja pingili kutoka shamba nililolikagua kwa macho tu, wakati wa ukame. Mavuno yao yalinifundisha nisichofundishwa darasani, na hadi leo mzee mmoja wa kikundi kile akiniona hunisalimu, "Habari za vizibo?"

Sasa huo muhogo wa maabara. Watafiti wa mashirika ya utafiti wa kilimo, KALRO la Kenya na NARO la Uganda, wakishirikiana na kituo cha Donald Danforth cha Marekani, walichukua vipande vya taarifa za kijeni za virusi vyote viwili wakaviingiza kwenye vinasaba vya muhogo. Kipande hicho hakiwezi kuunda kirusi. Kazi yake inafanana na kumnusisha mbwa kitambaa cha mwizi: seli za muhogo zina ulinzi wake wa asili wa kukatakata ujumbe wa kijeni usiotakiwa, na sasa zinaijua harufu ya kutafuta. Kirusi kikiingia, ujumbe wake unakatwa kabla hakijazaana. Majaribio ya shambani, katika maeneo yaliyodhibitiwa, yalifanyika Mtwapa, Kandara na Alupe. Juni 2021 NBA, mamlaka ya Kenya ya usalama wa mazao ya uhandisi jeni, ikaidhinisha muhogo huo, aina iitwayo 4046, utolewe nje ya maeneo hayo.

Idhini ile haikuwa mbegu mkononi. Kenya, aina mpya hupita majaribio ya kitaifa na kusajiliwa kabla ya kufika kwa mkulima, na mbegu rasmi hukaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea. Mtu akikujia na lori la pingili akasema "hizi ni za maabara", muulize karatasi. Tanzania hali ni nyingine kabisa: serikali ilisimamisha majaribio ya mazao ya uhandisi jeni Januari 2021. Ninyi mnaoishi huku na huku ya mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, wenye shemeji upande wa pili, msivushe pingili. Mbali na sheria, mtavusha na virusi.

Kuna jambo watu hawapendi nikilisema: mbwa aliyenusishwa mwizi mmoja hamkamati mwingine. Kinga hiyo ni ya michirizi ya kahawia tu. Watafiti waligundua hata kwamba baadhi ya mihogo iliyokuwa na ukinzani wa batobato iliupoteza ilipooteshwa upya kutoka kwenye seli maabarani, ikabidi ipandishwe na mihogo mingine yenye ukinzani huo. Kwa hiyo hata mbegu hiyo itakapokuwa shambani kwako, kazi ya kukagua haiishi.

Wanaoogopa muhogo huo kwa sababu ya "kuchanganya" vinasaba niwakumbushe Kaleso, muhogo unaopendwa Kilifi na Kwale, ambao Tanzania unaitwa Namikonga. Ulizaliwa Amani, kwa kupandisha muhogo na mti wa mpira ambao ni jamaa yake, kisha kuurudisha kwa muhogo kizazi baada ya kizazi. Hilo si sawa na uhandisi jeni, na sisemi ni sawa. Nasema tu bibi zetu walipika muhogo huo wa mseto kwa nazi bila kuugua. Virusi vya muhogo navyo havimwambukizi mtu. Kisamvu cha shamba lenye ugonjwa ni chakula.

Kazi ya msimu huu ni hii. Siku ya kuvuna, kabla ya kukata mbegu kwenye shina lolote, kata mihogo yake kwa upana, mitatu au zaidi kila shina, tangu kichwani hadi mkiani. Ikiwa yote ni safi, chukua pingili za sehemu ya kati ya shina lililokomaa, sentimita 20 hadi 25, zenye vifundo vitano au zaidi. Baka moja likionekana, shina zima limekataliwa, hata kama ni nene la kutamanisha. Hapa ndipo watu hunidanganya: wanatupa mihogo, wanabakiza mbegu.

Anza na aina zinazostahimili. Tanzania kuna Kiroba, Kipusa, Chereko na Mkuranga 1. Ulizia kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu. Kustahimili hakumaanishi kutoambukizwa: Kiroba huweza kubeba virusi huku mihogo yake ikichelewa kuoza, kwa hiyo usiurudierudie miaka mingi bila kupata mbegu mpya. Panda mbali na shamba kuukuu kadiri nafasi inavyoruhusu. Mwezi wa kwanza hadi wa tatu pita mara kwa mara, asubuhi, jua likiwa nyuma yako, na ung'oe kila mche wenye umanjano wa mishipa. Ukichelewa, unawalisha nzi weupe. Na shamba lililokwisha kuugua livune mapema, maana kila mwezi muhogo unaokaa ardhini kuoza kunaongezeka. Menya, kata mabaka, kinachobaki kianike kiwe makopa.

Mabua ya wagonjwa yaanike juani hadi yakauke kabisa, yawe kuni. Usijengee ua. Nimeona ua wa namna hiyo ukichipua mvua ya kwanza, majani manjano yakifuata mishipa, hatua tano kutoka kwenye mbegu mpya.