Mmoja anasoma, wote mnahama: jinsi ya kuchagua pa kwenda

Watu wakishaamua kurudi shule kwa ajili ya masters au PhD, kitu cha kwanza wanafungua orodha ya vyuo bora duniani na kuanza kushuka nayo kuanzia namba moja. Kama uko peke yako poa, shuka nayo. Ila kama una mke au mume na katoto ndo kwanza kanajifunza kutembea, hiyo orodha iweke kando kwanza, maana haikwambii chochote kuhusu hao wawili, na kusema kweli wao ndo wataamua kama utamaliza digrii au mtarudi katikati mkiwa hamsemeshani.

Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatoka humo: anzeni na yule asiyesoma. Anayesoma popote atakapoenda anapokelewa, ana ofisi, ana supavaiza, ana ratiba, ana wenzake wa kulalamika nao. Asiyesoma anafikia kwenye nyumba ngeni, pengine na lugha ngeni, mtoto anamlilia, na marafiki zake wote wako kwenye simu. Ukimwongezea na sheria inayomkataza kufanya kazi, hata ndoa nzuri inaanza kukwaruzana kabla mwaka haujaisha.

Chujio la kwanza ni visa ya mwenza

Kabla ya kusoma habari za chuo chochote jiulizeni: nikienda huku kwa kozi hii, mwenzangu anaruhusiwa kuja? Na akija, anaruhusiwa kufanya kazi? Haya ni maswali mawili tofauti, na majibu yanategemea nchi, aina ya kozi, urefu wa kozi, na hata nani anakulipia.

Chukulia Marekani. Ukienda na visa ya F-1, ambayo ndo ya kawaida kwa wanafunzi, mwenza wako anapewa F-2 na F-2 haimruhusu kufanya kazi, basi, hakuna cha nusu siku wala wikiendi. Anaweza kusoma masomo machache machache lakini sio digrii ya muda wote, akitaka hivyo inabidi abadilishe visa. Watoto wanaingia shule bila shida. Sasa mwanafunzi mwingine anaweza kuwa chuo hicho hicho, programu hiyo hiyo, lakini kaja na J-1, visa ya mipango ya kubadilishana, na mwenza wake mwenye J-2 anaruhusiwa kuomba kibali cha kazi akishafika. Unaona tofauti hiyo? Nyumba mbili jirani, moja ina mishahara miwili, nyingine ina posho moja na mtu anayehesabu siku. Ila J-1 nayo ina mtego wake, kuna watu, hasa waliolipiwa na serikali au wanaosoma fani fulani, ambao wakimaliza wanatakiwa warudi kwao wakae miaka 2 kabla ya kuomba aina fulani za visa za kukaa au kufanya kazi kule. Kwa hiyo waulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kama una chaguo, na uulize kabla hawajakuandikia fomu ya visa, sio baada.

Uingereza ndo nchi inayowachanganya watu wengi zaidi kwa sasa, kwa sababu ushauri unaozunguka ni wa zamani. Kweli kuna kipindi watu walikuwa wanaenda kusoma masters ya mwaka mmoja na familia nzima. Hiyo ilikatika kwa kozi zilizoanza kuanzia Januari 2024. Sasa hivi wanaoruhusiwa kuleta wategemezi ni wa PhD na digrii nyingine za utafiti, au waliolipiwa kikamilifu na serikali. Ukiangukia kwenye kundi hilo habari ni nzuri maana mwenza anafanya karibu kazi yoyote. Usipoangukia, ni wewe peke yako na simu ya video kila jioni. Na wale mnaokimbilia Chevening, ule ufadhili wa masters wa serikali ya Uingereza, pesa ya serikali inakufungulia mlango wa kuomba visa za familia lakini ufadhili wenyewe haulipii gharama za familia, hiyo ni juu yenu.

Kanada kuna jambo moja ambalo usipolijua linakugharimu sana, nalo ni urefu wa kozi. Tangu tarehe 21 Januari 2025 mwenza anapata kibali cha kazi cha wazi (yaani cha mwajiri yeyote) ikiwa wewe unasoma PhD, au masters ya miezi 16 na kuendelea, au baadhi ya kozi za kitaaluma kama udaktari, uuguzi na sheria. Sasa fikiria mtu anachagua masters ya miezi 12 kwa sababu ni fupi na ada yake ni ndogo, anajiona mjanja, kumbe ile miezi minne aliyoikwepa ndo ingempa mwenzake kazi. Ile ya bei rahisi imekuwa ghali.

Australia mambo ni kinyume na unavyotegemea: mwanafunzi wa masters ya kozi (sio ya utafiti) anabanwa saa 48 za kazi kwa kila wiki mbili wakati wa masomo, ila mwenza wa mtu wa masters au PhD hana kikomo. New Zealand kwa mtu wa PhD naiona kama haisemwi vya kutosha, mwanafunzi wa kigeni wa PhD analipa ada ile ile ya mwananchi na mtoto wake shuleni anahesabiwa kama mtoto wa nyumbani. Ujerumani mwenza anaruhusiwa kufanya kazi, ila wengi wanatakiwa kuonyesha Kijerumani cha mwanzo, ile ngazi ya A1, kabla ya kupewa visa, kwa hiyo madarasa ya lugha yanaanzia nyumbani na yanamhusu mwenza kuliko hata wewe, maana wewe unaweza kusoma kwa Kiingereza tu.

Alafu kuna Sweden, Norway, Denmark, na kwa sehemu kubwa Uholanzi. Huko PhD mara nyingi ni ajira. Yaani una mkataba, una mshahara, una likizo, na ukipata mtoto una likizo ya uzazi, baba na mama. Kama mna mtoto na mnataka PhD na hamjaweka hata nchi moja ya huko kwenye orodha yenu, rudieni orodha. Kwa masters ni hadithi nyingine, mtu wa kutoka nje ya Ulaya analipa ada, hata Norway iliyokuwa bure kwa kila mtu ilianza kutoza mwaka 2023.

Sheria hizi zinabadilika, wakati mwingine katikati ya mwaka, kwa hiyo kila jibu mlithibitishe kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi yenyewe, sio kwa rafiki aliyeenda miaka mitano iliyopita.

Pesa: usiangalie posho, angalia kinachobaki

Barua ya ufadhili inakuja na namba nene na mnashangilia. Shangilieni kidogo alafu chukueni karatasi. Toa kodi ya nyumba ya vyumba viwili (sio ya chumba kimoja cha mwanafunzi, vyuo vingi makadirio yao ya gharama wanayafanya kwa mtu mmoja), toa kituo cha kulelea mtoto, toa bima ya familia nzima, toa usafiri. Kilichobaki ndo mshahara wenu. Nimeona posho kubwa zikigeuka deni na posho ndogo zikiwatosha watu vizuri tu.

Kituo cha kulelea mtoto ndo kinachoua bajeti. Marekani mtoto anaingia shule ya umma akiwa na miaka kama 5, kabla ya hapo mzigo kwa kiasi kikubwa ni wenu, na ukiunganisha hilo na F-2 isiyoruhusu kazi, mara nyingi mwenza anageuka kuwa yaya wa lazima hata kama ana digrii mbili. Ujerumani kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata nafasi, tangu 2013, ila haki ni kitu kimoja na nafasi yenyewe ni kitu kingine, foleni ni ndefu na kuna watu wanajiandikisha mimba ikiwa bado changa. Sweden ada ya vituo imewekewa kikomo kulingana na kipato cha familia. Kwa hiyo umri wa mtoto unaweza kubadilisha jibu lote: nchi iliyo ghali kwa mtoto wa mwaka mmoja inaweza kuwa nafuu kabisa kwa wa miaka 6. Ila Australia angalieni, baadhi ya majimbo yanatoza ada ya shule za serikali kwa watoto wa wanafunzi wa kigeni, na misamaha inatofautiana jimbo hadi jimbo.

Bima nayo. Uingereza kila mtu kwenye familia ya mwanafunzi analipa tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, mtoto mchanga pia, na mnalipa ya miaka yote kwa mkupuo wakati wa kuomba visa. Watu watatu kwa miaka 4 hapo ni pauni 9,312 kabla hata hamjanunua tiketi, na chuo kikikurudishia huwa ni ya mwanafunzi peke yake. Ujerumani ukiwa kwenye bima ya umma mwenza asiye na kipato na watoto wanaingia humo humo bila nyongeza, ila ile bei ya mwanafunzi inakoma ukifika miaka 30, na wengi wanaoenda na familia wako karibu na hapo au wameshapita. Marekani uliza mapema chuo kinatoza kiasi gani kuwaongeza wategemezi kwenye bima, au kama kinawaongeza kabisa, maana vingine havina huo mpango.

Alafu msisahau pesa ya kuonyesha. Ujerumani wanataka mwanafunzi awe na euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalum inayokutolea kidogo kidogo kila mwezi, na hiyo ni ya mtu mmoja, familia ni nyongeza.

Mkishajua nchi, chagueni mji

Hapa watu wanapita haraka sana. Wanasema "tunaenda Kanada" kama vile Toronto na Saskatoon ni kitu kimoja. Uingereza sheria ya visa yenyewe ina viwango viwili vya pesa ya kujikimu, cha London na cha nje ya London, sasa kama hata serikali inakiri tofauti hiyo wewe unaificha kwa nini? Mji mdogo wa chuo una faida zake kwa watu wenye watoto, nyumba nafuu, unatembea kwa miguu, shule iko karibu. Hasara yake ni kazi ya mwenza. Mhasibu au muuguzi ataipata wapi kwenye mji ambao mwajiri mkubwa ni chuo chenyewe? Na kama taaluma yake inahitaji leseni (udaktari, uuguzi, ualimu, sheria) basi leseni za nje hazikubaliki hivi hivi, kuna mitihani, kuna kutathmini vyeti, na mchakato uanze mkiwa bado nyumbani.

Nyumba za chuo za familia ziombeni siku ile ile unapoomba kujiunga kama wanaruhusu, msisubiri barua ya kukubaliwa.

Supavaiza na watu waliotangulia

Kwa PhD mtu mmoja ana nguvu kuliko nchi nzima. Tafuta wanafunzi wake wa sasa na waliomaliza, hasa wenye watoto, na usiwaulize "chuo kikoje" kwa sababu watakwambia kizuri. Uliza vikao vya maabara vinakuwa saa ngapi, mtoto akiugua inakuwaje, kuna mtu aliwahi kuchukua likizo ya uzazi na ufadhili wake ulifanywaje, na mwenza wao anashinda wapi mchana. Hili la mwisho likijibiwa kwa kuguna ujue kuna jambo. Supavaiza mwenyewe mimi ningemweleza habari za familia baada ya kukubaliwa na kabla ya kusaini, hapo ndo una nafasi ya kuomba vitu kama kuahirisha kuanza kwa muhula mmoja au msaada wa kuhama.

Kuna wanaopanga mmoja atangulie, familia ifuate baada ya miezi michache. Inaweza kusaidia kupata nyumba kwa utulivu, ila visa za wategemezi zikiombwa peke yake baadaye zinaweza kuchelewa au kukataliwa, na mtoto anaanza kuongea huku wewe unamsikia kwa spika. Wengine wanachukua PhD ya mseto, muda mwingi nyumbani na miezi kadhaa nje, na kwa familia ambayo mwenza ana kazi nzuri hilo ni chaguo la heshima kabisa, wala sio la walioshindwa.

Kuamua sasa. Kila mmoja aandike peke yake mambo matatu asiyoweza kuishi nayo, bila kuchungulia ya mwenzake. Mambo sita hayo yataondoa nusu ya orodha bila ugomvi. Zilizobaki ziwekeeni safu: mwenza anafanya kazi ndiyo au hapana, kinachobaki kila mwezi, mtoto anashinda wapi, na baada ya digrii mnaruhusiwa kukaa muda gani. Hii ya mwisho msiipuuze, Uingereza, kwa mfano, wa masters wanaoomba visa ya kubaki baada ya kumaliza kuanzia tarehe 1 Januari 2027 wanapata miezi 18 badala ya miaka 2, wakati PhD inabaki miaka 3, na Marekani ile F-2 inaendelea kumkataza mwenza kazi hata kipindi wewe umemaliza na unafanya kazi kwa OPT, kile kibali cha kazi cha muda baada ya digrii. Mkibaki na mbili zinazolingana mwachieni asiyesoma achague.

Alafu siku hiyo hiyo anzeni pasipoti ya mtoto, na cheti cha ndoa na cha kuzaliwa vitafutiwe tafsiri rasmi na mihuri kama nchi inataka. Majina kwenye vyeti vyote yafanane herufi kwa herufi, kama kuna moja limekosewa lirekebisheni sasa hivi, maana visa ya mtoto inaweza kukwama kwa herufi moja wakati ya kwako imeshatoka na muhula unaanza.