Namna ya Kutengeneza Biti kwa Music 2000 kwenye PlayStation

Music 2000 ni gemu la PlayStation ya kwanza, lililobuniwa na Jester Interactive na kutolewa na Codemasters mwaka 1999. Marekani lilijulikana kama MTV Music Generator. Halina adui wa kupiga wala pointi za kukusanya, bali linakupa sauti na jedwali la kuzipangia. Baadhi ya maprodyuza wa grime, aina ya rap ya Uingereza, jijini London walijifunzia humo, na kijana wa Ngarenaro au Kaloleni hapa Arusha mwenye PlayStation ya mtumba na asiye na kompyuta anaweza kujifunza vilevile.

Kwanza angalia memori kadi. Kadi nzima ni KB 128, yenye nafasi 15 za kuhifadhia, na kama wadogo zako wameshaijaza ligi zao za mpira, wimbo wako hautakuwa na pa kukaa. Hifadhi kila unapomaliza sehemu, kwa kuwa umeme ukikatika kazi isiyohifadhiwa imekwenda.

Gemu lina vipande vingi vilivyokwisha kutengenezwa. Visikilize, kisha uviache, maana kila mwenye diski hiyo anavyo. Anza na ngoma zako mwenyewe. Weka kasi ya mapigo 90 kwa dakika na uigawe baa moja, yaani mapigo manne, katika nafasi 16. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, ikae nafasi ya 1 na ya 11, snea, ngoma yenye mlio mkali, ya 5 na ya 13, na haihati, yaani matoazi madogo, kwenye kila namba witiri. Mdundo ulionyooka hivyo huchosha upesi, kwa hiyo ongeza kiki nyingine nafasi ya 8 na upunguze sauti ya kila haihati ya pili. Hapo ndipo kichwa kitaanza kutikisika. Besi ifuate kiki, si snea.

Kwa kasi hiyo, ubeti wa baa 16 huchukua takriban sekunde 43, na kiitikio cha baa 8 sekunde 21. Utangulizi wa baa 4, kisha beti mbili na viitikio viwili, vitakupa wimbo wa dakika 2 na sekunde 19 hivi, ambao kwa mchanaji anayeanza unatosha kabisa.

Gemu pia hukuruhusu kuchukua sauti kutoka kwenye CD ya muziki. Kumbukumbu ya sauti ya mashine ni KB 512, yaani sekunde kama 20 tu kwa ubora wa juu, hivyo kata kipande kifupi. Kundi la rap la X Plastaz la hapa Arusha lilionyesha jinsi uimbaji wa Kimaasai unavyokaa vizuri ndani ya rap, lakini sauti ya mtu mwingine huombewa ruhusa kabla ya kuuza wimbo.

Usipime besi kwa sabufa ya sebuleni peke yake, kwani sabufa husifu kila kitu. Sikiliza pia kwa hedifoni.

Ili kuutoa wimbo, chomeka waya mwekundu na mweupe wa AV kwenye tundu la kompyuta la kuingizia sauti, si la maikrofoni, ambalo hukuza sauti hadi ikwaruze. Cheza kiitikio kwanza, upunguze kiwango mpaka kisigonge kikomo, ndipo urekodi wimbo mzima.