C imejaa, D ina nafasi: kugawa upya diski ya kompyuta ya zamani

Kompyuta nyingi za mezani za mtumba, majumbani na kwenye steshenari za Mbeya na Iringa, zina ugonjwa mmoja. Fundi aliyepiga Windows aliigawa diski mara mbili: C akaipa GB 50, D akaipa kilichobaki. Masasisho yakaja mwaka baada ya mwaka, C ikawa nyekundu, na D bado ina nafasi tele. Tuchukue diski ya GB 320. Windows huionyesha kuwa ni GB 298, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. C ina GB 50, D ina GB 248, na tunataka C ifike GB 120.

Kwanza hakikisha kilichoijaza C ni kitu cha maana. Bofya C kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, kisha Disk Cleanup, kisha "Clean up system files". Folda ya Windows.old iliyoachwa na toleo la awali inaweza kumeza GB nyingi peke yake. Ukipata GB 15 na C haijai tena haraka, iache diski ilivyo.

Kwa nini kupunguza D hakuisaidii C

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Sehemu ya chini utaiona Disk 0 imelala kama mstari wa viwanja: kushoto kipande kidogo cha System Reserved, kinafuata C, kisha D. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaibofya D, wanachagua Shrink Volume, kinatokea kipande chenye mstari mweusi kilichoandikwa Unallocated. Wakirudi kwenye C, neno Extend Volume limefifia, halibofyeki.

Sababu ni kwamba Shrink hukata mkia wa patisheni (kipande cha diski kama C au D), yaani upande wa kulia. Nafasi mpya imetokea nyuma ya D, wakati C inaweza kutanuka tu kwenye nafasi inayogusa ukingo wake wa kulia. Ni kama viwanja vilivyopangana kando ya barabara: jirani akimega upande wake wa mbali, wewe hupati hata hatua moja.

Njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni kuisukuma D nzima kwenda kulia kwa programu kama GParted. Ya pili ni kuhamishia mafaili ya D kwenye diski nyingine, kuifuta D, kuitanua C, kisha kuunda D mpya ndogo. Kwa diski ya zamani, ya pili ni bora. Kusukuma patisheni maana yake ni kusoma na kuandika upya kila kilichomo, kwa saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati, nusu ya mafaili iko mahali papya na nusu iko pa zamani. Kuhamisha nako kunachukua muda, lakini umeme ukikatika mafaili yote bado yapo kwenye D. Hatua za kufuta na kutanua zenyewe ni sekunde chache.

Pima afya ya diski

Weka CrystalDiskInfo, ni programu ya bure. Tazama mistari mitatu: 05 (sekta, yaani vijisehemu vya diski, zilizokwisha kubadilishwa), C5 (sekta zinazosubiri hukumu) na C6 (sekta zisizosomeka). Namba zake huandikwa kwa heksadesimali, hivyo 10 pale si kumi bali ni kumi na sita. C5 ikiwa si sifuri, usigawe kitu. Okoa mafaili, tafuta diski nyingine. Diski inayogonga tik-tik kila ikisoma ichukulie vivyo hivyo, hata kama programu inasema Good. Angalia na joto: ikipita nyuzi 50, fungua boksi la mashine upulize vumbi. Vumbi la kiangazi huziba feni kabisa, na kazi ya saa nzima mfululizo huichosha diski kuliko matumizi ya kawaida.

Diski ikiwa salama, fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", uandike:

chkdsk C: /f
chkdsk D: /f

Kwa C itakuuliza kama ifanye ukiwasha tena; jibu Y, uzime na kuwasha.

Kuhusu umeme: angalia uniti za LUKU kabla ya kuanza. Kompyuta yenyewe haili sana, lakini jiko la umeme likiwa linawaka mita hiyo hiyo, uniti tatu zinaweza kuisha kabla hujamaliza. UPS ndogo (betri ya akiba) inakupa dakika chache tu za kuzima kwa utaratibu, haiwezi kubeba kazi nzima. Na msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, usianze mchana ambao mawingu yameshafunga, hasa ukiwa Tukuyu. Asubuhi ndiyo saa nzuri.

Kuhamisha na kugawa

Unahitaji eksteno (diski ya nje ya USB) yenye nafasi kuzidi kilichomo kwenye D, na iwe imefomatiwa kwa NTFS, kwa sababu fomati ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Video moja ya harusi inatosha kuleta kosa hilo. Mashine yenye matundu ya USB 2.0 hupitisha takriban MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 100 ni kama saa moja. Mafaili madogo madogo mengi yataongeza muda.

Usivute kwa mausi. Tumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili inayoandikwa kwenye Command Prompt ile ile, inayoendelea palipoishia ikikatizwa. Kama eksteno ni F:

robocopy D:\ F:\nakalaD /E /R:1 /W:1 /XJ /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN"

Ikimaliza, soma jedwali la mwisho: safu ya FAILED iwe sifuri. Usishtuke ukifungua eksteno usiione folda. Unaponakili kutoka mzizi wa diski, robocopy huipa folda mpya alama za kufichwa. Ifichue hivi:

attrib -s -h F:\nakalaD

Fungua mafaili kadhaa ya aina tofauti kutoka kwenye nakala yenyewe: picha, hati, video. Kisha jiulize kama kuna kitu kinachoishi D kikitumika. Programu zilizowekwa kule zitakufa na lazima ziwekwe upya. Folda ya Documents ikiwa imeelekezwa D, irudishe C kwanza kupitia Properties yake, kichupo cha Location. Na kama pagefile (faili ambalo Windows hulitumia kama RAM ya ziada) ipo D, Windows itakataa kuifuta.

Sasa rudi diskmgmt.msc. Ibofye D, chagua Delete Volume. Tazama rangi iliyobaki. Ikiwa ni mstari mweusi wa Unallocated, endelea. Ikiwa ni kijani cha Free space, D ilikuwa ndani ya patisheni ya "extended", yaani patisheni kubwa inayobeba nyingine ndani yake, na C bado haitaweza kutanuka. Bofya hilo eneo la kijani, ulifute nalo, ndipo liwe jeusi. Hatua hii ya pili ndiyo wengi hawaijui, wakaishia kudhani diski ni mbovu.

Ibofye C, Extend Volume, Next. Panapoulizwa kiasi, namba ni za MB: GB 70 za kuongeza ni 70 × 1,024, yaani 71680. Finish. Kisha bofya nafasi nyeusi iliyobaki, New Simple Volume, uipe herufi D ile ile ili njia za zamani za mafaili zifanye kazi, NTFS, acha alama kwenye "Perform a quick format". Rudisha mafaili:

robocopy F:\nakalaD D:\ /E /R:1 /W:1

Wakati wowote Windows ikikuonya kwamba itaigeuza diski kuwa "dynamic", jibu No. Kugeuza ni rahisi, lakini kurudi nyuma kwa zana za Windows zenyewe kunadai ufute kila patisheni.

Pakiwa na patisheni ya Recovery katikati ya C na D, kama ilivyo kwenye Windows 10 nyingi, Extend itabaki imefifia hata ukifuta D. Hapo ndipo GParted inastahili, kwa sababu kipande hicho ni cha MB mia kadhaa na kukisukuma hadi mwisho wa diski ni dakika chache.

Unapolazimika kutumia GParted

Pakua GParted Live, uiandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Mashine kuanzia Core 2 Duo zina prosesa ya biti 64 hata kama Windows iliyomo ni ya biti 32, hivyo toleo la amd64 litawaka. Kabla ya kuzima Windows andika powercfg /h off, kisha zima kabisa. Ukiruka hatua hii, Windows inaweza kulala nusu macho badala ya kuzimika kabisa, na GParted itaikataa NTFS yake. Washa ukigonga F12 kwa Dell au F9 kwa HP, uchague flashi.

Ukisukuma D badala ya kuifuta, mpangilio ni huu: vuta ukingo wa kushoto wa D kwenda kulia, kama iko ndani ya "extended", vuta na ukingo wa kushoto wa hiyo, mwisho tanua C. Acha "Align to" kwenye MiB. Hakuna kinachotokea mpaka ubonyeze alama ya tiki ya Apply, kwa hiyo kagua orodha ya kazi pale chini bila haraka. Ukishabonyeza, usiguse. Mstari wa maendeleo unaweza kusimama muda mrefu. Tazama taa ya diski, ikiwa inapepesa kazi inaendelea. Windows ikiwaka mara ya kwanza itakagua diski yenyewe. Iache imalize.

Windows ikigoma kuwaka, tumia flashi ya kuweka Windows, ingia Repair your computer, Command Prompt, andika bootrec /fixmbr kisha bootrec /rebuildbcd. Hizi ni kwa mashine za BIOS ya zamani, ndizo tunazozungumzia hapa.

Ukifuta patisheni isiyo yenyewe, usiunde nyingine juu yake wala usinakili chochote. Kilichofutika ni anuani tu kwenye jedwali la patisheni. Mafaili bado yapo. Zima, iunganishe diski kwenye kompyuta nyingine, na programu ya TestDisk mara nyingi huipata patisheni nzima ilivyokuwa.

Kazi ikiisha andika powercfg /h on kama unatumia kulaza mashine, na nakala iliyo kwenye eksteno usiifute kabla ya wiki mbili za matumizi ya kawaida.