Jinsi ya kuonyesha ligi ya Marekani bandani, watu wakakaa mpaka filimbi ya mwisho

Banda langu liko Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, upande ule ambao upepo wa ziwa unakuletea harufu ya dagaa kabla hujayaona magunia. Lina mabenchi kumi na mawili, televisheni moja, na jiko la mkaa mlangoni ninapochemshia chai ya maziwa. Kwa miaka nimeonyesha Uingereza, Hispania na ligi yetu ya nyumbani. Siku nilipoandika kwa chaki kwamba usiku naonyesha Marekani, kijana mmoja mbeba mizigo alisimama mbele ya ubao, akasoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, umeishiwa mechi?"

Hakuwa ananikejeli. Kwake Marekani ni kikapu na ndondi. Mpira wa miguu wa Marekani ulikuwa kitu cha kumwonea mtu huruma. Leo kijana huyo anakuja mwenyewe, na nimeandika haya kwa ajili ya mwenye banda, au mwenye sebule tu, anayetaka kufika hapo bila kupitia makosa yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa Messi. Alipokwenda Inter Miami Julai 2023, nilidhani kazi imekwisha: nitaandika jina lake kubwa, watu watajaa. Kweli walijaa. Usiku mmoja hakupangwa kikosini, na kabla ya dakika ya ishirini nilibaki na watu wanne, wawili wao wamelala. Ukiwaita watu kwa jina la mtu mmoja, siku hayupo umewadanganya. Messi mweke akiba.

Anza na mtoto wa nyumbani. Bernard Kamungo alizaliwa Kasulu, Kigoma, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, familia yake ikiwa imetokea Kongo. Mwaka 2016 walihamia Abilene, Texas. Akiwa huko alikwenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, ambapo kijana yeyote angeweza kujitokeza. Wakamchukua, akapanda mpaka timu kubwa. Tarehe 6 Agosti 2023 Dallas ilicheza na Inter Miami ya Messi kwenye Leagues Cup, kombe la timu za Marekani na Mexico. Kamungo akafunga. Mechi iliisha 4-4, Miami wakapita kwa penati. Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani.

Mimi huonyesha kwanza video ya mabao ya mechi hiyo, nikiwa nimewaambia habari za Kasulu na Nyarugusu tu, bila kusema atafunga. Bao likiingia, mabenchi yanasogea mbele. Pale Mwaloni kuna watu wa Kigoma wengi, na wapo waliopita Nyarugusu wenyewe. Baada ya hapo huhitaji kumwomba mtu abaki. Ila kabla ya kutangaza mechi, angalia kama kweli yumo kikosini, usije ukarudia kosa la Messi kwa jina lingine.

Sasa saa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mechi nyingi huchezwa Jumamosi saa moja na nusu jioni ya kule. Ukiwa kwenye majira yao ya kiangazi, timu za mashariki kama New York na Miami utazipata saa 8:30 usiku, za Dallas na Chicago saa 9:30, na za Los Angeles na Seattle saa 11:30 alfajiri. Majira yao ya baridi yakiingia Novemba, ongeza saa moja. Na tarehe inasogea: Jumamosi yao ni Jumapili yetu. Usiandike "Jumamosi usiku". Andika "usiku wa kuamkia Jumapili", mtu hatakosea. Mimi niliandika vibaya, nikamwamsha baba mmoja mtu mzima saa nane, akaja na koti lake, mechi ikawa ni ya kesho yake. Alikunywa chai akaondoka bila neno, na mpaka leo namwonea haya.

Wenzangu wa mjini wanaona saa hizo ni laana. Sisi wa mwaloni ni baraka, ukijua kuusoma mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao, lakini wachuuzi, wabeba mizigo na akina mama wanunuzi wameshaamka wanasubiri mitumbwi ifike. Hao wape mechi ya Los Angeles, saa 11:30, na chai moto. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika nchi kavu na usingizi hauwajii kwa sababu miili yao imezoea kukesha. Hao wape New York saa 8:30. Nimetundika kalenda ya mwezi ukutani pembeni ya ratiba ya ligi, na ninazisoma pamoja.

Kuna na faida ya msimu. Ligi za Ulaya zikifungwa Juni na Julai, mabanda yanabaki na marudio. Ligi ya Marekani, tangu ianze, inachezwa kuanzia mwanzo wa mwaka hadi mwishoni. Lakini wametangaza kwamba kuanzia 2027 watahamia kalenda inayofanana na ya Ulaya, kwa hiyo nafasi hiyo itabadilika.

Vifaa nitavipita haraka. Tangu 2023 ligi hii inaonyeshwa kwa intaneti kupitia Apple TV. Uliza mapema kuhusu ruhusa ya kuonyesha hadharani, kwa sababu malipo ya nyumbani si sawa na ya biashara. Weka bando la kutosha mechi mbili hata kama unaonyesha moja. Langu liliwahi kukata dakika ya 83 matokeo yakiwa sare, na kijana wa duka la vocha alikuwa amelala. Chaji betri ya sola mchana.

Tuje kwenye kazi yenyewe, yaani maneno ya mapumziko. Una dakika kumi na tano. Simulia kisa kimoja tu kwa mechi moja, kisha nyamaza.

Kwangu kuna mzee mshona nyavu ambaye swali lake lilinikosesha jibu wiki nzima. Alisema: "Mama, kama wenyewe hawaupendi, mimi nitaupendea nini?" Ni swali la haki. Ligi hii haikudharauliwa na sisi kwanza, ilidharauliwa kwao. Kwa hiyo nilianza na kisa cha 1950, Belo Horizonte, Brazil. Marekani dhidi ya Uingereza, Kombe la Dunia. Kipa wa Marekani, Frank Borghi, alikuwa dereva wa gari la kubebea maiti. Mfungaji, Joe Gaetjens, alikuwa Mhaiti aliyesoma New York huku akiosha vyombo mgahawani. Marekani wakashinda 1-0. Na mwandishi wa habari wa Marekani aliyekuwepo uwanjani alikuwa mmoja tu, Dent McSkimming wa St. Louis, aliyechukua likizo na kujilipia safari. Nchi nzima haikujali. Mzee aliacha kuvuta kiko, akasema, "Kumbe walishinda na hakuna aliyewapokea." Tangu usiku huo hakuikosa mechi ya mbalamwezi.

Kisa cha pili ni Cosmos. Pelé alijiunga na New York Cosmos mwaka 1975, na Agosti 1977 watu 77,691 walijaa uwanja mmoja New Jersey kuwatazama. Ligi ile, NASL, ikaona njaa imekwisha. Ikaongeza timu mpaka 24, wenye timu wakawamwagia nyota fedha wasizoweza kuzirudisha, na Pelé alipokwisha kustaafu watazamaji wakapungua. Baada ya msimu wa 1984 ligi ikafa. Hapa sihitaji kueleza sana. Kila mtu Mwaloni ameona mtu aliyepata sangara wengi msimu mmoja, akanunua injini tatu kwa mkopo.

Kisa cha tatu huwa kinaleta mabishano mazuri. Marekani waliandaa Kombe la Dunia la 1994, viwanja vikajaa kwa wastani wa karibu watu 69,000 kwa mechi, na hadi leo wastani huo unatajwa. Ligi mpya, MLS, ikaanza 1996 na timu kumi. Lakini walitaka kumfurahisha yule Mmarekani asiyependa mpira. Wakaweka saa inayohesabu kurudi nyuma mpaka sifuri. Wakakataa sare: mchezaji anaanza na mpira yadi 35 kutoka golini, ana sekunde tano za kumkabili kipa. Yule asiyependa mpira hakuja, na yule anayeupenda akaona anachezewa akili. Baada ya msimu wa 1999 wakayaacha yote wakarudi kwenye sheria za dunia nzima. Wakati huohuo walikuwa wakicheza kwenye viwanja vikubwa vya mpira wao wa Kimarekani, mistari ya mchezo mwingine imechorwa chini, viti vitupu juu. Columbus walijenga uwanja wao wenyewe mwaka 1999, wa kwanza kujengwa kwa ajili ya timu ya ligi hiyo. Mimi naamini uwanja ule uliokoa zaidi ya nyota yeyote. Ukiwa mpangaji kwenye nyumba ya mtu, hata mgeni wako anajua.

Bado nusura wafe. Mwanzoni mwa 2002 timu mbili za Florida zilifungwa, zikabaki kumi, na sita kati ya hizo zilikuwa mikononi mwa tajiri mmoja, Philip Anschutz. Mwezi Juni mwaka huohuo timu yao ya taifa iliifunga Ureno 3-2, ikaitoa Mexico 2-0, ikafika robo fainali ya Kombe la Dunia. Simulia hayo mawili pamoja, usiyatenganishe.

Watakuambia ni ligi ya wazee. Usikatae, Beckham alikwenda Los Angeles Galaxy 2007 na sheria inayoweka kikomo cha mishahara ilibadilishwa ili kumpokea yeye na wa aina yake. Waonyeshe tu vijana waliomo. Na mkataba wa Beckham ulimpa haki ya kununua timu kwa dola milioni 25, ndipo ikapatikana Inter Miami, iliyoanza kucheza 2020 na kumleta Messi.

Swali gumu zaidi ni la kushuka daraja. Marekani timu haishuki. Sisi tuliosubiri zaidi ya miaka ishirini timu yetu ya Pamba irudi Ligi Kuu, mpaka 2024, tunajua kushuka kunavyouma na kupanda kunavyoliza watu wazima pale uwanja wa CCM Kirumba. Nawaeleza sababu: anayetaka timu mpya analipa kiingilio kwenye ligi, na San Diego walikubali kulipa dola milioni 500. Nani atatoa fedha hizo halafu akubali kushushwa mwaka wa pili? Naielewa sababu, siipendi. Mechi za mwisho wa msimu za timu mbili za mkiani hazina uhai, na sizionyeshi. Usimfiche mteja udhaifu wa kitu unachomuuzia, ataugundua mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo ningetaka uanze nalo kama una wateja wanawake. Wanawake wa Marekani walipata heshima kabla ya wanaume wao. Mwaka 1999 watu 90,185 walijaa Rose Bowl kutazama fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Ligi iliyofuata, ya 2001, ilikufa 2003. Nyingine ilianza 2009, nayo ikafa baada ya misimu mitatu. Ya sasa, NWSL, ipo tangu 2013. Mwaka 2024 timu ya Kansas City ilifungua uwanja uliojengwa mahsusi kwa ajili ya timu ya wanawake, na humo Temwa Chawinga wa Malawi alifunga mabao 20 msimu huo akawa mchezaji bora wa ligi. Fainali ya mwaka huohuo ilichezwa uwanja huohuo, na bao pekee lilifungwa na Barbra Banda wa Zambia, akiichezea Orlando Pride.

Nilipoonyesha bao lile, kulikuwa na akina mama sita waanika dagaa, mikono bado ina magamba. Mmoja aliniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara ya nne akasema, "Huyu wa Zambia, na yule wa Malawi na ziwa lao, nao wanalipwa?" Nikamwambia wanalipwa. Akaniachia shilingi elfu moja ya bando la wiki ijayo, na sikuwa nimemwomba.

Kuanzia hapo ubao wangu una sehemu mbili, ya wanaume na ya wanawake. Mzee mshona nyavu macho yamemchoka, hivyo naandika kwa chaki nyeupe, herufi za kiganja kizima. Mwezi huu zinasomeka: usiku wa kuamkia Jumapili, saa 9:30, Dallas. Chai ipo.