Mafuta ya kokwa za aprikoti: nusa kabla hujalipa

Ukiyakuta dukani mafuta haya ya kokwa za aprikoti (tunda dogo la rangi ya chungwa), usiyahukumu kwa rangi tu. Yaliyokamuliwa bila moto huwa mepesi, ya manjano hafifu, na hunukia lozi kwa mbali. Kati ya asidi zinazounda mafuta haya, ile iitwayo oleiki mara nyingi hufika asilimia 60 hadi 70, na iitwayo linoleiki robo hivi. Hiyo linoleiki ndiyo huyafanya yachache upesi yakianikwa juani. Kwa hiyo chukua chupa ndogo, ya kioo cheusi. Yakianza kunuka kama rangi ya kupaka milango, mwaga.

Kokwa chungu zenyewe usizitafune, wala usimpe mtoto: zina kemikali iitwayo amigdalini, ambayo tumboni hutoa sumu ya sayanaidi. Wakati wa kukamua, sehemu kubwa ya amigdalini hubaki kwenye mashudu, kwa hiyo mbuzi nao wasionje.